Mtoto wa Jicho: Lenzi Inapokosa Mahali pa Kuegemea

Katika nchi za Afrika Mashariki, kama ilivyo katika sehemu nyingi za dunia, mtoto wa jicho ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kwa kuwapofusha watu. Tiba yake ni upasuaji. Daktari huondoa lenzi ya asili iliyoingia ukungu, na mahali pake huweka lenzi ya plastiki. Mara nyingi mzee aliyefika hospitalini akiongozwa na mjukuu wake hurejea nyumbani akiiona njia mwenyewe.

Lenzi hizo zilianzia Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Harold Ridley alitambua kwamba vipande vya plastiki kutoka katika vioo vya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta madhara yaliyotazamiwa. Tarehe 29 Novemba 1949, jijini London, alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki. Siku hizi lenzi ya namna hiyo huwekwa ndani ya ule mfuko mwembamba uliokuwa umeibeba lenzi ya asili.

Hata hivyo, si kila jicho huwa na mfuko ulio imara. Jicho lililopigwa kwa ngumi au kijiti huweza kukatika nyuzi zinazoushikilia. Upo pia ugonjwa unaotia unga mweupe juu ya lenzi na kuzilegeza nyuzi hizo, nao huonekana sana Ethiopia na katika nchi za Skandinavia. Wakati mwingine mfuko hupasuka katika upasuaji wenyewe, hasa mtoto wa jicho akiwa ameachwa mpaka akakomaa na kuwa mgumu. Hapo ndipo linapozuka swali: lenzi ishikizwe wapi?

Njia ya kwanza ni kuiweka mbele ya irisi, yaani ile duara yenye rangi. Kazi hii ni nyepesi na ya haraka. Lakini lenzi za zamani za aina hiyo ziliharibu kioo cha mbele cha jicho, na hata zilizoboreshwa hazimfai mwenye glakoma au mwenye kioo kilichodhoofika. Njia ya pili ni lenzi yenye makucha yanayoibana irisi, iliyobuniwa na Jan Worst wa Uholanzi. Hii huhitaji irisi iliyo nzima.

Njia ya tatu ni kuishona lenzi kwenye ukuta mweupe wa jicho. Lenzi hukaa karibu na mahali pake pa asili, lakini uzi mwembamba huweza kukatika baada ya miaka kadhaa, na lenzi ikaanguka. Ili kuepuka uzi, mwaka 2017 daktari Shin Yamane wa Japani alieleza njia ya kuipitisha miguu ya lenzi ukutani kwa sindano nyembamba, kisha ncha zake zikatiwa moto kidogo zipate kichwa kisichochomoka. Njia hii yataka mkono uliozoezwa vizuri, la sivyo lenzi hukaa upande.

Je, ipi iliyo bora? Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kilipima ushahidi mwaka 2003 na tena mwaka 2020. Mara zote mbili hakikupata njia iliyothibitika kuzishinda nyingine. Jambo hilo lina maana kubwa kwa nchi zenye mabingwa wachache. Hospitali haina sababu ya kuona haya kwa kutotumia njia mpya kabisa. Lililo muhimu ni kwamba njia iliyochaguliwa ilifae jicho husika, daktari awe ameizoea, na ute uliomwagika mbele ya jicho uondolewe sawasawa kabla ya lenzi kuwekwa.

Penye upungufu wa vifaa au ujuzi, ni heri jicho lisafishwe na kufungwa, kisha mgonjwa apelekwe kwa bingwa aongezewe lenzi baadaye, kuliko kuilazimisha siku ileile. Kwa upande wao, wananchi wanaombwa wasingoje mpaka giza litande kabisa. Mtoto wa jicho anayeondolewa mapema humpunguzia daktari mashaka, na humwongezea mgonjwa matumaini ya kuona tena.