Betri ya Motokaa, na Jinsi ya Kuibadili Mahali Pembamba

1. Motokaa iliyonyamaza

Alfajiri dereva aingia katika motokaa yake. Azungusha ufunguo, akitazamia kusikia ngurumo ya mtambo kama siku zote. Leo hasikii ila mlio mdogo, tik-tik-tik, kama wa kuku adonoaye punje katika ungo, kisha kimya. Taa zafifia kama mshumaa upepeni. Petroli imo, magurudumu ni mazima, lakini gari haliondoki mahali pake. Aghalabu kilichokufa ni betri.

Kuitoa betri ya zamani na kutia mpya si kazi ya ufundi mkubwa. Mtu mzima mwenye spana na subira aweza kuifanya mwenyewe uani pake. Walakini kazi hii ina hatari zake, na hatari hizo huzidi pale betri ilipofichwa katika pembe nyembamba, ambamo mkono hupita kwa shida na spana haina nafasi ya kuzunguka. Mtu aweza kuungua vidole, na motokaa yaweza kuteketea, kwa sababu ya kutojua jambo moja dogo: ni waya upi utolewao kwanza.

2. Kazi ya betri

Motokaa za kwanza ziliwashwa kwa mkono. Mtu alisimama mbele ya gari, akazungusha mpini wa chuma kwa nguvu zake zote. Na mara nyingine mtambo uliurudisha mpini kwa ghafula, ukamvunja mkono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac huko Marekani yalianza kuuzwa yakiwa na mota ya umeme ya kuwashia mtambo, iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Mota hiyo yataka umeme mwingi kwa muda mfupi, nao hutoka katika betri.

Betri ya namna hii ni ya zamani kuliko motokaa. Aliyeibuni ni Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859. Ndani ya kasha lake mna vyumba sita. Katika kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi, yaliyozama katika maji yaliyochanganywa na asidi kali. Risasi na asidi zikikutana hufanya umeme: kila chumba hutoa kiasi cha volti 2, na vyote sita pamoja hutoa volti 12 na zaidi kidogo.

Mtambo ukiisha kuwaka, mashine nyingine iitwayo altaneta huzungushwa na mkanda, nayo huirudishia betri umeme uliotumika. Hivyo betri ni kama mtungi wa nyumbani: maji hutekwa humo, kisha hujazwa tena. Lakini mabamba yake huchakaa. Joto kali na mitikisiko ya njia mbaya huyaharibu, na baada ya miaka kadhaa mtungi haushiki maji tena.

3. Kupima kabla ya kununua

Mwenye busara hakimbilii dukani. Kwanza hutazama nguzo mbili zilizo juu ya betri, ambazo nyaya nene zimefungwa kwazo. Pengine zimefunikwa na unga mweupe au wa kijani, au kifungo cha waya kimelegea, na umeme haupati njia. Hapo betri haijafa. Yahitaji kusafishwa na kukazwa tu.

Kama ana kipimo cha umeme, apime. Betri iliyojaa, iliyopumzika, huonyesha volti 12.6 hivi; ikiwa chini ya 12, imeishiwa. Mtambo ukiwa unazunguka, kipimo hupanda hata karibu na volti 14. Kisipopanda, yamkini mgonjwa ni altaneta, wala si betri. Kulinunulia betri mpya gari la namna hiyo ni sawa na kununua mtungi mpya hali kisima kimekauka.

Akiwa na hakika kwamba betri imekufa, na atafute nyingine iliyo sawa nayo kwa urefu, upana, kimo na upande wa nguzo zake. Betri za magari ya Kijapani huandikwa alama kama 46B24L. Hapo 24 ni urefu wake, kiasi cha sentimeta 24; na herufi ya mwisho, L au R, yaonyesha mpangilio wa nguzo. Nguzo zikiwa zimegeuzwa, waya huweza kufungwa pasipo pake, na mara moja altaneta na vyombo vingine vya umeme huungua. Tena betri ikiwa ndefu kwenda juu kupita kiasi, bati la boneti laweza kuzigusa nguzo zote mbili siku boneti ifungwapo.

4. Mahali inapofichwa

Mabingwa wa kuunda magari hutafuta nafasi ya kila kitu, na mara nyingi betri hupewa nafasi iliyobaki. Katika magari mengi imo chini ya boneti, imebanwa kati ya ubavu wa chuma na kasha la hewa. Katika Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa mviringo kama kobe, betri imo chini ya kiti cha nyuma. Kiti hicho kina springi za chuma. Na kama kifuniko cha betri kimepotea, abiria mzito akiketi, springi zaweza kuzigusa nguzo, na kiti kikashika moto. Katika Toyota Prius za miaka ya 2000, betri ndogo ya volti 12 imo nyuma, katika pembe ya buti. Magari ya namna hiyo yana pia betri nyingine kubwa, yenye volti zaidi ya 200, na nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Hiyo haiguswi ila na fundi aliyefundishwa kazi yake.

Mahali pembamba, kosa la kwanza ni kutumia nguvu. Mtu huvuta na kupinda, akijaribu kuipitisha betri katika upenyo usioitosha. Njia iliyo bora ni kuondoa kwanza vile vinavyoizuia: kifuniko, kasha la hewa, au chuma kinachopita juu yake. Kazi yaonekana kuwa ndefu zaidi, lakini kwa kweli huwa fupi. Kila nati itokayo na iwekwe katika bakuli, kwa taratibu ya kutoka kwake, ili irudi pale pale ilipotoka.

5. Sheria ya nyaya mbili

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Nguzo moja ina alama ya +, nayo huitwa chanya. Ya pili ina alama ya −, nayo huitwa hasi. Katika magari ya siku hizi waya wa hasi umefungwa na mwili wa gari. Maana yake ni kwamba kila chuma cha gari, yaani boneti, ubavu na mtambo, ni kama sehemu ya nguzo ya hasi.

Basi mtu akianza kulegeza waya wa chanya, na spana yake ikagusa ubavu wa gari, chanya na hasi zimekutana. Umeme wote wa betri hupita katika spana. Cheche huruka, spana huweza kushikamana na chuma na kuwa moto hata kuiva nyekundu. Kama mtu amevaa pete, nayo ikagusa, kidole huungua hata nyama. Wengine hujidanganya wakisema, “Volti 12 hazimtetemeshi mtu.” Ni kweli kwamba hazimtetemeshi, lakini moto wake huunguza. Tena betri huweza kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja yatosha kuipasua, na asidi ikarukia macho.

Mtu akianza na hasi, mambo ni mengine. Spana ikigusa ubavu wa gari, hasi imekutana na hasi, na hakuna kinachotokea. Waya huo ukiisha kutoka, mwili wa gari hauna tena shirika na betri. Hapo aweza kulegeza chanya, na hata spana ikigusa ubavu hakuna cheche, mradi isiziguse nguzo zote mbili pamoja. Ndiyo sababu ya sheria: hasi hutoka kwanza, na hasi hurudi mwisho. Mahali penye nafasi pana, asiyeijua sheria hii aweza kuokoka kwa bahati. Mahali pembamba bahati ni haba.

6. Kazi yenyewe

Gari na liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ikazwe, ufunguo utolewe. Mfanyakazi avue pete, saa na mkufu, avae miwani ya kukinga macho na glavu. Asivute sigara, wala asimulike kwa kibatari, atumie kurunzi. Mpini wa spana na uzungushiwe utepe wa mpira au wa plastiki, ubaki mdomo wake tu wazi. Katika magari mengi ya Kijapani spana itakiwayo ni ya namba 10.

Kwanza alegeze waya wa hasi, autoe, na kuufunga kando kwa kamba. Maana waya mgumu hupenda kurudi ulikotoka, na ukirudi huigusa nguzo bila kuitwa. Kisha autoe wa chanya, aufunike kwa kitambaa kikavu. Halafu afungue kishikizo kinachoikaza betri chini. Kama pana mrija mdogo utoao gesi nje, kama ilivyo katika betri zinazokaa ndani ya gari, autoe na kukumbuka mahali pake.

Betri ya gari dogo ina uzito wa kilo 10 hadi 15 hivi. Mahali pembamba hapana nafasi ya kuinua kwa mgongo ulioinama. Afadhali kutumia mshipi wake, kuinua wima, na kuwa na msaidizi. Isilazwe, maana asidi huweza kumwagika. Asidi ikigusa ngozi au jicho, mtu aoshe upesi kwa maji mengi kwa muda mrefu. Na kwa jicho aende hospitali bila kukawia.

Kabla ya kutia mpya, akisafishe kitako na vifungo vya nyaya kwa maji yenye magadi, ambayo huua ukali wa asidi, kisha akaushe. Betri mpya na iketi sawasawa, na kishikizo kikazwe, kwani betri inayocheza huvunjika mabamba yake. Kisha arudishe chanya, mwisho, hasi. Atie girisi kidogo juu ya vifungo, na arudishe mrija na vifuniko vyote. Gari likiwaka, huenda saa na redio zikahitaji kurekebishwa, kwa kuwa zilikosa umeme.

7. Mkono wa mtoto

Nati ndogo ikianguka katika upenyo wa mtambo, mtu mzima humwita mtoto: “Njoo, mkono wako ni mwembamba, ingiza uitoe.” Mtoto mwenye adabu hupenda kusaidia, na ni vema. Lakini mwenye elimu huuliza kwanza, kwa heshima, “Baba, waya wa hasi umekwisha kutolewa?” Kuuliza si ujinga. Kama haujatolewa, na utolewe kwanza. Na hata ukiisha kutolewa, nati huokotwa vema zaidi kwa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. Kazi ya mtoto ni kushika kurunzi na kulinda bakuli la nati, na kwa kutazama atajifunza.

8. Betri iliyokufa

Kazi haijaisha mpaka betri ya zamani imepata mahali pake. Risasi iliyomo ni sumu. Hudhuru mwili, na zaidi akili za watoto. Betri haifai kuvunjwa uani, wala asidi yake kumwagwa shambani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Sumu iliingia katika udongo na katika damu za watu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, aliona mwanawe mchanga ameugua kwa risasi. Hakunyamaza; alisimama pamoja na jirani zake kudai kiwanda kifungwe. Mwaka 2014 kilifungwa, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Basi betri iliyokufa na irudishwe kwa muuzaji anayepokea za zamani, ikiwa wima na nzima, ili ifike kwa wenye kuifanyia kazi kwa njia ya salama.

Yule dereva wa alfajiri, akiyashika haya, atachelewa kidogo siku hiyo. Lakini atafika akiwa na vidole vyake vyote kumi. Wahenga walisema, kawia ufike.

Maswali

1. Betri ya motokaa ina vyumba vingapi, na kila kimoja hutoa volti ngapi?
2. Mtu atajuaje kama kilichoharibika ni altaneta, wala si betri?
3. Kwa nini waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho?
4. Yafaa kufanya nini asidi ikigusa jicho?
5. Taja sababu ya kutovunja betri ya zamani nyumbani.