Tanuru lisiloiva, hasara kwa mfyatua tofali

WAFYATUAJI wa matofali ya kuchoma katika tambarare za Moshi na miteremko ya chini ya Mlima Kilimanjaro wanafahamu kuwa kazi ya wiki nyingi inaweza kupotea kwa usiku mmoja. Kuni zikiisha kabla tanuru halijaiva, masika yakifika tofali hurudi kuwa tope, na mtaji umekwenda na maji.

Sababu imo ndani ya udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi umeundwa na chembe ndogo mno, bapa, zilizopangana kama kurasa za kitabu, na una maji ya aina mbili.

Ya kwanza ni maji ya kufinyangia, yaliyo kati ya chembe na chembe. Hayo huondoka kwa kuanika, na mabaki yake huisha tanuru likipita nyuzi joto 100. Tofali lisilokauka vizuri hupasuka, kwa kuwa maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla.

Maji ya pili ni sehemu ya umbile la chembe yenyewe, na jua haliwezi kuyatoa. Katika madini ya kaolini, hutoka kati ya nyuzi 450 na 600. Yakishatoka, mpangilio wa kurasa huvunjika na udongo haulainiki tena kwa maji.

Hata hivyo, tofali hapo bado halina nguvu. Joto likifika kati ya nyuzi 850 na 1,000, sehemu ndogo ya madini huyeyuka, na ikipoa hushika chembe pamoja kama gundi.

Rangi peke yake hudanganya. Wekundu hutokana na chuma kilichomo kwenye udongo, nao huonekana mapema kabla ya nguvu kupatikana.

Kufungua tanuru kwa haraka nako ni hasara. Chembe za mchanga hubadilika ukubwa kwa ghafla kwenye nyuzi 573, hivyo tofali likipozwa upesi hupata nyufa.

Kuhusu nishati, msitu wa mlimani uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kukata miti humo ni kosa. Pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa zilizo karibu na mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987, zinaweza kupunguza mzigo wa kuni.

Matofali ya pembeni ya tanuru, ambayo kwa kawaida hayaivi, yasiuzwe kwa bei ya yale ya katikati. Yapangwe ndani katika uchomaji unaofuata, kwani joto lililokosekana bado linaweza kuongezwa.

Mnunuzi naye ana kipimo cha bure: aloweke tofali moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Likimomonyoka, asilipie mzigo. Likibaki zima, na likigongwa na jingine likatoa mlio mkali, limeiva.