Upepo wa Loiyangalani na Pampu ya Ngoliba

Usiku wa tarehe 25 Agosti, 2023, stima ilizimika karibu kila pembe ya Kenya. Kampuni ya stima ilieleza kwamba megawati 270 za upepo wa Loiyangalani, katika Marsabit, zilipotea ghafula. Wenye mashine hizo 365 za upepo walijibu kuwa nguvu iliyozidi katika nyaya kuu ndiyo iliyowaondoa. Ugomvi huo tuwaachie wao.

Mkulima wa Ngoliba ajue jambo hili: stima ya nyaya kuu haiwekwi ghalani kama mahindi. Inayotengenezwa lazima ilingane na inayotumiwa dakika hiyo hiyo. Maksai mmoja akianguka, wenzake hulemewa na plau. Mashine nazo hulemewa, zikajizima moja baada ya nyingine.

Upepo ukipungua polepole, milango ya maji hufunguliwa katika mabwawa ya Tana, kama Masinga, ambako Mto Thika wetu humwaga maji yake. Ukikatika kwa ghafula, lazima mashine nyingine ziwe zimekwisha kuwashwa, zikingoja, na kungoja huko kuna gharama.

Stima ikikatika, zima swichi ya pampu yako. Ikirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuiwasha, kwa maana huweza kuja kwa kishindo na kuunguza mota.