Tuuze Mazao, Tusiuze Mbegu

Ligi inapomalizika na nyavu kuteremshwa milingotini, watu wengi hudhani kwamba mchezo umekwisha. Wapenzi wa kandanda wanajua kuwa sivyo. Ndipo unapoanza mchezo wa pili, usio na kipenga wala mwamuzi: nani anaondoka, nani anakuja, na nani ameonekana alfajiri akipanda basi la Kampala na begi lake mkononi. Huko Ajia chini ya miembe, katika kantini za polisi mjini Arua, na katika vibanda vya chai vya Koboko, hoja hizo huweza kuchukua wiki nzima. Mmoja husema viongozi wameuza timu. Mwingine hujibu kwamba kijana naye ana wazazi wa kulisha. Wa tatu hutaka asajiliwe mshambuliaji mwenye jina kubwa, bila kujali fedha zitatoka wapi.

Makala haya hayakusudii kuwanyamazisha. Mabishano ya mpira ni burudani isiyo na gharama, na askari aliyetoka zamu ya usiku anastahili burudani yake. Lakini kwa watu wa West Nile jambo hili si la mzaha mtupu, kwa sababu wamekwisha kupata na wamekwisha kupoteza. Inafaa basi tulitazame kwa utulivu, tukijiuliza timu hujengwa namna gani na hubomoka kwa njia ipi.

TULIKOTOKA

Mwaka 2016 timu ya Onduparaka, inayoitwa na mashabiki wake kwa jina la Caterpillars, ilifika fainali ya Kombe la Uganda ikiwa bado haijaingia Ligi Kuu. Ilishindwa na Vipers, lakini mwaka huo huo ilipanda daraja. Katika msimu wa 2016/17 uwanja wa Green Light mjini Arua ukaanza kupokea timu kubwa za nchi, na timu hizo zikajifunza kwamba safari ya Arua si ya matembezi. Watu walivaa kijani, na watoto waliwataja wachezaji kama wanavyotaja ndugu zao.

Nyota wa msimu ule alikuwa mshambuliaji Muhammad Shaban. Mwaka 2017 alihamia KCCA ya Kampala, na baadaye akaenda Raja Casablanca ya Moroko. Hapo mabishano yakawaka. Wako walioona fahari kwamba mchezaji aliyeng'ara Arua amefika Afrika ya Kaskazini, na wako walioona kwamba mji umenyang'anywa.

Onduparaka ilidumu Ligi Kuu kwa misimu saba. Mwaka 2021 ilipata jirani, timu ya Arua Hill, ambayo nayo ilipanda daraja. Kwa misimu miwili, 2021/22 na 2022/23, mji mmoja ulio mbali na Kampala ulikuwa na timu mbili katika ligi ya juu ya nchi. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini mwisho wa msimu wa 2022/23 Onduparaka ikashuka daraja, na katika msimu wa 2023/24 Arua Hill ikatoka ligini kabla ya msimu kwisha. Katika muda usiozidi miaka miwili, mji uliokuwa na timu mbili ukabaki bila hata moja katika Ligi Kuu.

Ndiyo maana swali la nani kauzwa na nani kanunuliwa lina uzito. Tukilijibu kwa hasira, tutalaumu vijana na kuacha chanzo chenyewe.

UHAMISHO WA MCHEZAJI SI KAMA WA ASKARI

Familia za askari zinalijua vizuri neno uhamisho. Amri ikifika, konstebo aliyezoea Arua hufunga vyombo, mkewe huaga majirani, watoto hutafutiwa shule nyingine, na safari ya Kabale au Moroto huanza. Hakuna anayemwuliza kama anapenda. Wapo mashabiki wanaodhani kwamba mchezaji naye huhamishwa vivyo hivyo, au kwamba klabu ikitaka inaweza kumzuia milele.

Sivyo ilivyo. Mchezaji mwenye mkataba hawezi kuhama mpaka pande tatu zikubaliane: klabu anayotoka, klabu anayokwenda, na yeye mwenyewe. Mkataba wake una mwanzo na mwisho. Kwa sheria za FIFA, mkataba wa kawaida hauzidi miaka mitano, na wa kijana aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Ukibaki muda wa miezi sita au chini ya hapo, mchezaji ana ruhusa ya kukubaliana na klabu nyingine. Ukimalizika, huondoka huru, na klabu aliyoichezea haipati ada ya kumwuza.

Haki hiyo ina historia. Mchezaji mmoja wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, alizuiwa na klabu yake ya Liège kuhamia Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alikwenda mahakamani, na mwezi Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilimpa ushindi. Tangu hapo klabu za Ulaya zimelazimika kupanga mambo kwa kutazama kalenda, na fikira hiyo imeenea duniani.

Kwa hiyo, shabiki anaposikia kwamba kijana mzuri ameuzwa, asiulize kwanza bei yake. Aulize mkataba wake ulikuwa umebakiza muda gani. Kama ulibaki miaka miwili, viongozi walikuwa na nguvu ya kusubiri bei nzuri. Kama ulibaki mwaka mmoja na kijana hataki kuongeza, kumwuza ni busara, kwa kuwa mwakani angeondoka bure. Na kama aliondoka bure, kosa halikutendeka siku aliyopanda basi. Lilitendeka mwaka mmoja au miwili nyuma, pale alipoanza kung'ara na hakuna aliyemwita mezani kuandika mkataba mpya.

MFANO KUTOKA MBALI

Wengine husema kwamba timu maskini ikiuza nyota wake imekwisha. Dunia ina mifano inayopinga neno hilo. Tuchukue mmoja kutoka mchezo ambao kwetu si wengi wanaoufuata, yaani besiboli ya Marekani. Huko timu huweza hata kubadilishana wachezaji, mtu kwa mtu, na mara nyingi mchezaji haulizwi. Huo kweli unafanana na uhamisho wa askari.

Timu ya Oakland Athletics ilikuwa miongoni mwa zenye fedha kidogo. Kabla ya msimu wa 2002 iliondokewa na wachezaji watatu wakubwa: Jason Giambi alikwenda New York Yankees, Johnny Damon akaenda Boston, na Jason Isringhausen akaenda St. Louis. Mashabiki waliomboleza. Mishahara ya timu nzima ilikuwa kama dola milioni 40, hali Yankees walilipa zaidi ya milioni 120.

Viongozi wa Oakland hawakutafuta Giambi mwingine, kwa kuwa wasingeweza kumlipa. Walijiuliza Giambi alikuwa akiwapa nini hasa. Wakaona kwamba jambo moja kubwa lilikuwa uwezo wa kufika kituo cha kwanza mara kwa mara, hata kwa uvumilivu tu wa kutopiga mipira mibaya. Wakatafuta watu wenye sifa hiyo ambao wengine wamewadharau. Mmoja alikuwa Scott Hatteberg, mdakaji aliyeumia kiwiko, wakamfundisha kazi mpya ya kulinda kituo cha kwanza. Mwaka huo Oakland walishinda michezo 103, sawa kabisa na Yankees wenye fedha mara tatu. Walishinda michezo 20 mfululizo, na wa ishirini uliamuliwa kwa pigo la Hatteberg huyo huyo.

Hawakutwaa ubingwa, walitolewa mapema katika michezo ya mwisho. Lakini walionyesha kwamba pengo hujazwa kwa kujua kazi iliyokuwa ikifanywa na aliyeondoka, kisha kutafuta wa kuifanya, hata kama hana jina.

HESABU YA NYUMBANI

Mama wa nyumba anaelewa mambo haya kuliko viongozi wengi wa klabu. Mshahara ukiingia, hatumii wote kununua kitambaa cha sikukuu. Huweka cha unga, cha ada ya shule, cha mafuta ya taa, na akiba ya ugonjwa. Klabu nayo ni nyumba.

Tufikirie timu ya Arua katika ligi ya timu 16. Itacheza michezo 30, na 15 itakuwa ya ugenini. Arua ni karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Hata tukisema ni michezo 10 tu inayochezwa Kampala na kando yake, kwenda na kurudi ni kilomita 10,000 za dizeli, pamoja na chakula na malazi ya watu wasiopungua 25. Timu ya Kampala hupanda basi asubuhi, hucheza mchana, na jioni wachezaji hulala kwao. Kwa hiyo shilingi ya Arua huanza kupungua kabla mpira haujapigwa. Shabiki anayedai nyota wa mshahara mkubwa ajue kwamba huenda anadai timu ilale njaa njiani.

Kuna pia haki ambazo klabu ndogo hazipaswi kuzisahau. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya malipo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa kuanzia miaka 16 huhesabiwa nusu ya asilimia moja ya bei. Tuseme kijana amelelewa misimu mitatu ya umri huo, kisha akauzwa ng'ambo kwa shilingi milioni 100: klabu iliyomlea hustahili shilingi milioni moja na nusu. Si utajiri, lakini ni mipira, viatu na nauli za timu ya vijana. Haki hiyo humfikia mwenye kumbukumbu: aliyemwandikisha kijana tangu mwanzo na kutunza karatasi zake. Ofisi isiyo na faili hupoteza fedha bila hata kujua.

TIMU ZA ASKARI

Wasomaji wetu walio katika majeshi huenda wakauliza mbona timu zao hudumu. Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 na kushindwa na Hafia ya Guinea. Ilikuwa timu ya kwanza ya Uganda kufika hapo. Polisi walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2005, na mwaka 2006 wakachukua Kombe la Kagame la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Magereza walikuwa mabingwa wa ligi ya kwanza ya taifa mwaka 1968.

Timu hizi zina nguzo ambayo timu ya mji haina: nyuma yake imesimama taasisi, na kijana anayeandikishwa kazini huwa na mshahara na kazi ya kurudia miguu inapochoka. Klabu ya raia inayotegemea mfuko wa mtu mmoja ni nyumba ya nguzo moja. Mtu huyo akichoka, akiugua au biashara yake ikiyumba, paa hushuka, hata kama usajili ulikuwa mzuri namna gani.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa hiyo msimu mwingine ukifungwa na mabishano yakaanza, tujaribu kuuliza maswali haya.

Kwanza, aliyeondoka alikuwa akifanya kazi gani, na nani sasa ataifanya? Mabao kumi na tano yanaweza kugawanywa kwa vijana watatu wenye matano kila mmoja.

Pili, mizani ya kikosi ikoje? Washambuliaji sita na beki wa kushoto mmoja si timu. Wazee watupu hawafiki mwisho wa msimu, na watoto watupu hawajui kulinda bao moja dakika ya themanini.

Tatu, mikataba ya waliobaki inakwisha lini?

Nne, fedha za mauzo zimekwenda wapi? Kama zimelipa madeni ya jana peke yake, basi kesho haijanunuliwa.

Tano, wako wapi vijana wa Ajia, wa Vurra, wa Koboko na wa Yumbe? Klabu ikinunua wote kutoka mbali, hujilipia nauli na kodi za nyumba, na mwisho wa msimu wote huondoka pamoja.

Mkulima wa kwetu akivuna karanga au ufuta, hupeleka magunia sokoni bila kulia, kwa sababu alilima ili auze. Lakini kabla hajafunga gunia la mwisho, huchagua zilizo bora na kuziweka juu ya dari, mbali na panya na mbali na mikono ya wenye njaa. Hizo haziuzwi hata bei ipande. Mchezaji aliyekomaa ni mazao. Tumwuze kwa bei ya haki na tumtakie heri. Timu ya vijana, mwalimu wao, uwanja wao na faili zao ndizo mbegu. Arua imekwisha kuuza mazao mazuri. Watakaobishana msimu ujao waanze kwa kuuliza juu ya dari kumebaki nini.