Lugha husafiri na mtafuta riziki
Je, msomaji, wajua kuwa wingi wa wasemaji si lazima uifikishe lugha mbali? Kijapani kina wasemaji zaidi ya milioni 120, lakini karibu wote wako Japani. Mwaka 1908 meli iliwapeleka Wajapani wa kwanza kufanya kazi katika mashamba ya kahawa nchini Brazil. Leo wengi wa vitukuu vyao husema Kireno.

Kitagalogi kwao ni Manila na maeneo ya karibu katika kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Hata hivyo, wauguzi, mabaharia na yaya wamekifikisha Marekani, Hong Kong na Saudi Arabia. Mkenya aliyefanya kazi Dubai bila shaka amekisikia.

Riziki huipeleka lugha ugenini, lakini wazazi ndio huidumisha. Wewe wazungumza na wanao lugha gani?