Chanjo ndani ya utando: kwa nini tabaka zake hazitulii mahali pake

Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Agosti 2018, chanjo ya Ervebo ililazimika kuhifadhiwe katika baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Hadi ugonjwa huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa na 2,287 wamefariki. Nyuma ya kila sindano kulikuwa na friji maalumu, jenereta, mafuta na gari la kubeba shehena hiyo ya baridi.

Chanjo za kawaida hazihitaji baridi kali kiasi hicho, lakini nazo zinahitaji friji. Huko Marabo, kwenye barabara ya kutoka Bunia kwenda Komanda, kalenda ya chanjo ya Kongo inamtaka mtoto afike kituoni akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, na tena akiwa na miezi 9 kwa ajili ya surua. Katika mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021 kwa sababu ya mashambulizi ya makundi yenye silaha, kila safari mama huipima kwanza.

Je, dozi zote zingeweza kukaa ndani ya utando mmoja mkavu, zikatoka moja baada ya nyingine zikiwa tayari mwilini? Jibu linategemea jambo dogo lisiloonekana kwa macho: mwendo wa minyororo ya polima yenye chaji za umeme.

Utando unavyojengwa

Polima ni molekuli ndefu kama uzi. Nyingine zina chaji chanya, nyingine chaji hasi. DNA yenyewe ni polima yenye chaji hasi.

Katika miaka ya 1990, mwanakemia Gero Decher alionyesha njia rahisi ya kuzipanga. Kipande cha kioo kinachovywa katika maji yenye polima chanya, kinasuuzwa, kisha kinachovywa katika yenye polima hasi. Chaji zinavutana, tabaka jipya linashika juu ya lile la chini. Ukirudia, unapata utando wa tabaka nyingi ambao unene wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita.

Kwenye karatasi, mpango unavutia: dozi ya tatu chini, ya pili katikati, ya kwanza juu.

Minyororo inapohama

Mwaka 2002, watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, walichapisha matokeo yaliyoutia shaka mpango huo. Walitumia polilisini, yenye chaji chanya, na asidi ya hyaluroniki, ambayo pia imo katika ute wa viungo vyetu. Badala ya kuongezeka kwa kiasi kilekile kila tabaka, unene wa utando ulizidi kuongezeka kwa kasi. Sababu ilikuwa kwamba polilisini haikubaki juu. Ilizama ndani ya utando wote, na polima hasi ilipofika, ikapanda tena kuungana nayo.

Mnyororo hupenya kama mtu katika msongamano wa siku ya soko: anaachia mkono mmoja, anashika mwingine, anasogea. Chumvi hurahisisha mwendo huo, kwa kuwa chembe zake zenye chaji hushika nafasi ambazo minyororo ingeshikana. Maji nayo huulainisha utando. Ukiwa mkavu, minyororo karibu haisogei kabisa. Ukilowa maji yenye chumvi, kama yaliyomo mwilini, huanza kuhama.

Kwa chanjo, maana yake ni kwamba dozi iliyopangwa kutoka mwisho inaweza kutoka pamoja na ya kwanza.

Ukuta wa katikati

Mwaka 2006, kundi la Paula Hammond wa chuo cha MIT, Marekani, lilijaribu kuzuia mchanganyiko huo. Waliweka katikati ya utando tabaka ambazo minyororo yake imefungwa pamoja kwa viunganishi imara vya kikemia. Pasipo ukuta huo, dutu mbili za majaribio zilitoka kwa pamoja. Ulipowekwa, ya juu ilitangulia na ya chini ikafuata.

Mwaka 2013, wataalamu wa MIT, Hammond akiwemo, walipaka utando wenye chanjo ya DNA kwenye sindano ndogo mno. Sindano zikibonyezwa kwenye ngozi kwa dakika chache, utando hubaki humo na kuachia DNA polepole. Majaribio yalifanywa kwa panya na kwenye vipande vya ngozi ya nyani, na utando mkavu ulihimili wiki kadhaa katika joto la kawaida la chumba.

Hilo si sawa na chanjo iliyo tayari kwa mtoto wa Marabo. Ervebo ina virusi hai, na haigeuki kuwa utando wa DNA kwa kupakwa tu. Wiki kadhaa ndani ya maabara pia si msimu mzima wa mvua Ituri, ambako unyevunyevu wa hewa unaweza kuifungua minyororo kabla sindano haijatumika.

Kwa hiyo, pamoja na kutafuta chanjo bora, watafiti wana kazi nyingine: kuizuia minyororo isihame safarini, kisha kuiachia ikishafika mwilini. Wakifaulu, kituo cha afya kisicho na umeme kitahitaji kabati kavu tu, na mama atapunguziwa safari.