Je, Wajua? Mti Mrefu Waweza Kuuponza Mteremko

Je, wajua kwamba tone linalodondoka kutoka kwenye mti mrefu laweza kuupiga udongo kwa nguvu kuliko tone la mvua lenyewe? Majani hukusanya matone madogo mpaka yanenepe, ndipo huyaachia. Tone kama hilo likianguka kutoka mita 10 au zaidi, hukaribia kasi ya mvua iliyotoka mawinguni, tena ni zito zaidi. Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Kwa mwenye boma la mteremko lililojaa miparachichi na mikaratusi, kivuli peke yake hakitoshi. Kinachoushika udongo ni kile kilicholala juu yake: majani makavu na mimea inayotambaa. Nahuzunika nionapo majani yote chini ya mti yakifagiliwa hadi ardhi ing'ae, maana mvua inayofuata hukuta udongo uchi.

Je, wajua kwamba nyasi za kikuyu, zinazopandwa hadi Australia na California, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki? Hata hivyo, chini ya mti hudhoofika na kuacha vipara. Hizo ziachie sehemu yenye jua.

Je, wajua kwamba mmea wa desmodiamu huua striga, gugu linalonyonya mahindi, bila dawa? Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za striga, na nyingine zinazozuia chipukizi lisijishike kwenye mizizi ya mahindi, nalo hufa. Wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya waliijua kupitia kilimo cha vuta-sukuma cha ICIPE, kituo chenye shamba la utafiti Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Wachache huifikiria nje ya shamba la mahindi, na hapo ndipo tunapopoteza. Huvumilia kivuli chepesi, hutoa mizizi kila shina linapogusa ardhi, huongeza nitrojeni udongoni, na ng'ombe wa maziwa huipenda. Ila hupanda juu ya miche, kwa hiyo kata desmodiamu mapema.

Penye kivuli kizito zaidi, jaribu Arachis pintoi, ndugu wa njugu karanga kutoka Brazil, mwenye maua ya manjano.

Je, wajua kwamba Commelina benghalensis, lile gugu la maua ya samawati linalomchosha mpalizi, huchanua pia chini ya ardhi? Maua hayo ya gizani hujichavusha yenyewe na kuzaa mbegu. Kwenye ukingo wenye unyevu na kivuli, liache litambae; karibu na mboga, ling'oe.

Je, wajua kwamba mwaka 1882 Joseph Hooker wa Uingereza aliliita ua la Afrika Mashariki Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar? Leo huitwa Impatiens walleriana. Hupendeza sana kivulini, lakini mizizi yake ni mifupi: pamba nalo, usilitegemee kushika mteremko.

Panda mvua ndefu zinapoanza, kwa mistari inayokata mteremko, kila mche ukikaa mkabala na pengo la mstari wa juu yake. Pale chini maji yanapotuama, weka nduma. Karibu na nyumba, acha ukanda mtupu, nyoka asipate maficho mlangoni.